Wimbo wa Babu Uliowaondoa Wanawake Gulioni

Siku wimbo wa Sadala ulipotoka redioni kwa mara ya kwanza, wanawake wote wa Maparoni waliokuwa gulioni Kibiti waliinuka wakaondoka.

Hawakugombana na mtu. Walifunga samaki wao wakavu, wakakunja majamvi, wakashika njia. Wateja wakabaki na pesa mkononi.

Wanaume waliokuwa barazani, pale serikali ilipoweka redio ili watu wote wasikilize, hawakuelewa kitu. Kijana wao katajwa jina na mtangazaji wa Dar es Salaam, wimbo wenyewe mtamu, sasa hawa mama zetu wamepatwa na nini?

Sadala ni babu yangu, baba yake mama. Mengi ya haya alinisimulia mwenyewe. Yale asiyoyajua niliyapata kwingine, na mtajua wapi. Tulieni.

Ilikuwa mwaka hamsini na sita, Mwingereza bado yupo.

Babu alikuwa anaishi Ilala, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Ukumbi katikati, choo kimoja uani, asubuhi mnapanga foleni na makopo yenu. Mchana alifanya kazi kwenye ghala la boriti, jioni anapiga gitaa.

Alikuwa na bendi, watu wanne. Viongozi ni yeye na Muhidini, fundi cherehani, jirani yake wa chumba cha pili. Bendi yao waliiita Mikoko Jazz.

Haikuwa na tajiri wala klabu. Sare alishona Muhidini, ngoma waliwamba wenyewe, na kwenye harusi walilipwa pilau. Wenye bendi kubwa waliwacheka, wakawaita bendi ya sinia.

Basi siku moja wakaenda redioni kujaribiwa. Wakapiga nyimbo nne. Kijana mwenye miwani aliyekuwa anawasikiliza akaweka kalamu chini.

"Hizi zote ni za wenzenu. Zenu ziko wapi?"

Wakaanza kukusanya vyombo vyao.

"Rudini wiki ijayo na wimbo wenu. Mkikosa, msirudi."

Muhidini aliongoza njia mpaka Ilala. Mlangoni akamgeukia babu.

"Sadala, wewe ndiye mwimbaji. Tutoe basi."

Babu alijaribu siku tano. Kila akishika gitaa unakuja wimbo wa mtu mwingine. Siku ya sita, yuko ghalani anapanga boriti, ukamjia mmoja ambao hakuwahi kuusikia kwenye bendi yoyote.

Aliujua umetoka wapi. Akajikausha, akaendelea kupanga boriti.

Iko hivi. Babu alilelewa na mama yake mdogo, Bi Fatu, kungwi mkubwa wa Maparoni. Wasichana wa kule walichezwa, yaani walifundwa unyagoni, na yeye. Ngoma ya unyago ilikaa kwake, na hakuna mwanamume aliyewahi hata kuishika, wala kusikia nyimbo zake.

Sadala akiwa na miaka sita akaumwa homa kali, siku ambayo Bi Fatu ana mwali ndani. Mtoto anatetemeka, hana wa kumwachia. Akamficha nyuma ya pazia la kaniki bila wenzake kujua, akamfunika shuka mbili.

Mchana ule wanawake wakaimba. Sadala akasikia.

Jioni Bi Fatu akamshika kidevu. "Ulisikia nini kule ndani?"

"Nililala, mama."

"Hukusikia kitu?"

"Nililala."

Bi Fatu akamtazama kitambo, akamletea uji.

Huo ndio wimbo. Ukiusikia juujuu utadhani ni wa mtu anayepepeta mpunga tu, ndiyo maana wanaume wa barazani hawakuona tatizo. Babu alikumbuka beti mbili. Akatunga ya tatu mwenyewe, ya maisha ya mjini: chumba, kodi, mwenye nyumba anagonga mlango.

Muhidini aliposikia alimkumbatia. "Kumbe ulikuwa nao siku zote!"

Redioni wakaulizwa mtunzi ni nani, jina liandikwe. Wenzake wote wakamtazama.

"Mimi," babu akasema.

Jamani, ulipendwa. Wenye mikahawa wa Kariakoo waliongeza sauti ukipigwa. Ilala wanawake waliotoka bara, wasiojua kinachoendelea, waliuimba uani wakifua. Mikoko Jazz wakaanza kuitwa kwenye harusi za watu wenye magari.

Wakati huo mkewe Mwajabu hakuwepo mjini. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mama yake alishafariki, kwa hiyo alipelekwa Maparoni kwa Bi Fatu kusubiri siku zake. Bi Fatu ndiye aliyemcheza Mwajabu pia.

Mwezi wa tisa wa mimba babu akapanda lori mpaka Kibiti, gitaa begani. Kibiti wanaume wakamshangilia, wakamnunulia chai. Akavuka kwa mtumbwi hadi Maparoni anajisikia mtu.

Akafika, akapita kwenye kundi la wanawake wanatwanga mpunga.

"Shikamooni, mama zangu."

Michi ikasimama. Hakuna aliyesema marahaba. Wakageuza migongo.

Nyumbani akamkuta Mwajabu amekaa peke yake, macho yamevimba.

"Mbona hivi? Wenzako wako wapi?"

"Hawaji. Nikienda kisimani wananipisha. Nikiwasalimia wanatazama pembeni."

"Umewafanya nini?"

Mwajabu hakujibu. Hakuweza kujibu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mambo ya kule ndani mwanamke hayataji mbele ya mwanamume, hata akiwa mumewe, hata akiwa anaonewa. Akauliza tu, polepole:

"Ule wimbo, bwana, nani kakufundisha?"

Babu alielewa papo hapo. Wanawake wamepiga hesabu zao: wimbo wa ndani uko redioni, aliyeuimba ni Sadala, na anayelala na Sadala ni Mwajabu. Kwa hiyo Mwajabu ndiye aliyeutoa.

Alikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Kweli aliiona. Akawaza sahani ya santuri waliyoahidiwa, akamwaza Muhidini na sare mpya, akawaza jina lake kwenye kinywa cha mtangazaji.

"Nimeutunga mwenyewe," akasema.

Mwajabu akainamisha kichwa. Alijua mumewe anadanganya, na hakuwa na namna ya kumwambia kwamba anajua.

Siku ya tatu, asubuhi, uchungu ukaanza.

Bi Fatu akatuma mtu kwa Mwantumu, mkunga. Jibu likarudi kwamba mgongo unamuuma. Akatuma kwa wa pili, naye ana mgeni. Wa tatu hakufungua mlango.

Jua likapanda. Mwajabu analia ndani, mtoto hashuki. Bi Fatu alikuwa na miaka sitini na kitu, mikono yake peke yake haitoshi. Babu anazunguka uani, gitaa limeegemea ukutani, anatamani kulipiga teke.

Bi Fatu akatoka, akajifunga kanga vizuri kiunoni. Akasimama mbele yake.

"Sadala. Una neno la kuniambia kabla sijatoka?"

Babu aliniambia kwamba hapo maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Alichotakiwa ni kufungua mdomo tu.

"Sina, mama."

"Haya," Bi Fatu akasema. Akaenda kwa wanawake.

Hakuchukua muda. Walirudi naye wote, Mwantumu mbele na maji ya moto. Hakuna aliyemtazama babu. Wakaingia, wakafunga mlango. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike akalia.

Babu akaanza kucheka kwa furaha. Kicheko hakikufika mbali.

Mwantumu alitoka ndani na kitu kichwani, kimefunikwa kaniki. Babu hakuhitaji kuambiwa. Ilikuwa ngoma ya Bi Fatu, inahamishwa. Ikapita mbele yake, ikaenda kwenye nyumba nyingine. Bi Fatu alibaki mlangoni anaisindikiza kwa macho, mikono imeshikana tumboni.

Kijiji kizima kilimjua kwa ile ngoma. Tangu siku hiyo wakimcheza mwali, yeye anabaki nje na watoto.

Babu akauchuna. Akawaza: nitasema zikifika arobaini. Arobaini zikafika. Akawaza: nitasema mtoto akikaa. Mtoto akakaa, wakarudi mjini.

Redioni wakamwita arekodi tena, akasema koo limekufa. Muhidini alimnunia mwaka mzima, kisha Mikoko Jazz ikavunjika. Gitaa likawa kabatini mpaka nyuzi zikaota kutu.

Lakini wimbo haukuvunjika. Babu angekaa kwa kinyozi, unaanza. Angepita mkahawani, unaanza. Aliniambia aliwahi kushuka kitandani usingizini kwenda kuzima redio ambayo hakuwa nayo.

Miaka kumi na tatu baadaye akaamua liwalo na liwe. Akasafiri mpaka Maparoni, akapiga magoti mbele ya Bi Fatu, akasema yote. Homa, pazia, uongo mmoja baada ya mwingine. Alisema huku analia, mtu mzima na mvi zake za kwanza.

Bi Fatu akamwangalia mdomo, akatabasamu. "Umeshakula, mwanangu?"

Alikuwa kiziwi. Mwaka wa pili ule, hasikii hata adhana.

Babu akapaza sauti, kisha akanyamaza, kwa sababu wanawake walikuwa wanapita nje. Bi Fatu alizikwa mwezi uliofuata.

Sasa niwape ambalo babu hakulijua.

Mtoto yule aliyezaliwa ni mama yangu. Na mimi nilipovunja ungo nilipelekwa Maparoni, nikachezwa. Wimbo nilifundishwa. Ulipoisha, kungwi wangu akaniambia alivyosema Bi Fatu siku ile mbele ya wanawake. Nimeomba ruhusa yao kuandika hapa, wamenikubalia haya tu.

Alisema: "Wimbo wa redioni una beti mbili zetu, ya tatu ni ya kodi ya chumba. Mwajabu anaijua ya tatu yetu, nilimfundisha mimi. Angekuwa ni yeye, ungefika mwisho. Aliyeutoa ni mtoto aliyepitiwa na usingizi katikati, na aliyemwingiza ndani ni mimi. Nendeni mkamzalishe mwenzenu, ngoma chukueni."

Kwa hiyo alijua. Alijua toka siku ya uji, na pale uani alipomuuliza babu kama ana neno, alikuwa anampa mlango wa kutokea.

Mwaka ambao babu alifariki tulikuwa tumekaa naye Ilala, redio ikapiga nyimbo za zamani. Ukaanza wake. Nikanyanyuka kuzima, akanishika mkono. Tukausikiliza wote, mpaka ile beti yake ya tatu, mwenye nyumba anapogonga mlango.

"Ule wa kwao," babu akaniuliza, "ulikuwa unaishaje?"

Aliuliza kama mtoto. Miaka arobaini alikuwa anajiuliza. Na mimi mwisho ninaujua, kila neno, mpaka leo.

Nikamtazama.

"Sijui, babu. Nililala."

Aliniangalia muda mrefu sana. Kisha akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka, akaniachia mkono.

Ninyi mnaosoma, kama kuna mtu anabeba kosa lako, nenda kamwambie leo angali anasikia. Babu yangu aliipata nafasi ya kusema kweli mara tatu, na mara zote tatu aliulizwa kwa upole.