Sikio la Mbuzi

Sikulala, nikijua kesho mjomba atawanyamazisha tena wasichana kwa sikio la mbuzi. Nikimpinga mjomba mbele ya wageni, si nitaitwa msomi asiye na adabu? Asubuhi tulichinja mbuzi, na harufu ya manyoya yanayoungua ikanirudisha utotoni, hapa hapa Kiganjo. Siku ile, nikiwa msichana mdogo, niliona nyama mbichi ikirukaruka, nikauliza, "Mjomba, si mbuzi amekufa?"

Akanisukumia sikio la kuchoma, fungu la wasichana. "Kula hilo, usikie. Maswali achia wanaume."

Wanaume walicheka. Lilikuwa gumu, chungu kwa masizi. Nililimeza, lakini hasira imenikwama mpaka leo.

Leo binti wa dada yangu ameuliza swali lile lile. Mjomba akamnyooshea sikio, akicheka tayari. Nikamshika mjomba mkono.

"Ngoja, mjomba. Mtoto ameuliza."

Nikachuchumaa, nikaanza kumweleza mtoto kuhusu misuli, jinsi inavyoweza kurukaruka hata mbuzi akishakufa.