Walioshika Kamba

Siku yangu ya kwanza kazini sikuchimba hata koleo moja la udongo. Nilikula. Nyumba ya kwanza tulipewa muhogo wa kuchemsha, ya pili wali na kunde, na ya tatu nililetewa mbaazi za nazi nikiwa tayari nimelegeza mkanda. Ilikuwa Masaki, upande wa Kisarawe, enzi za Mwingereza, nami nilikuwa kijana mwenye mabega mapana na akili kidogo. Idara ya maji ilikuwa imeniajiri niwe msaidizi wa mchimba visima, na aliyekuwa akinitembeza nyumba hadi nyumba ni mkubwa wangu wa kazi, Fundi Kibwana.

"Fundi," nikamuuliza, "kisima tutaanza kuchimba lini?"

"Tumeshaanza," akasema, akanawa mikono kwa ajili ya sahani ya nne.

Nyinyi mnaofungua bomba na kulifunga hamwezi kujua kazi ile ilivyokuwa, kwa hiyo nitaieleza. Tulisimika miti mitatu juu ya shimo, tukaifunga pamoja vichwani, na hapo tukatundika kapi, yaani kigurudumu chenye mfereji ambamo kamba hupita. Kamba ilikuwa ya katani. Mchimbaji alifungwa chini ya makwapa, akashushwa na sululu yake. Kila asubuhi tulitanguliza koroboi. Ikizimika njiani, hewa ya chini ni mbaya na hakuna anayeshuka. Timazi ilituonyesha kama shimo linakwenda wima. Vyote hivyo nilijifunza kwa miezi michache. Jambo la washika kamba lilinichukua miaka.

Washika kamba walikuwa watu wanne wa hapohapo kijijini. Bwana Maji, ndivyo tulivyomwita Mzungu mkuu wa idara yetu, alikuwa tayari kutupatia vibarua wake, lakini Fundi Kibwana aliwakataa kila mara. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Kibarua wa Bwana Maji nikimwambia avute, atavuta," akasema. "Ardhi ikitikisika, je? Atakimbia, na wala simlaumu, hanijui. Lakini mtu aliyenilisha muhogo nyumbani kwake, ataanzaje kumwambia mkewe kwamba mgeni wao amemwacha shimoni? Ataona haya. Mimi nashuka nikiwa nimeishikilia haya yake."

Ndiyo sababu tulikula. Wiki nzima kabla ya sululu ya kwanza tulikaa barazani na watu, tukaenda kuzika nao, tukawasaidia kubangua korosho. Fundi aliwatazama kimyakimya, kisha akachagua. Na aliwapa sharti moja tu: wakati mtu yuko chini, walio juu wasinyamaze. Waimbe, wagombane, wasengenyane, lakini wasikike. Athumani Kondo wa Masaki aliimba vibaya kuliko binadamu yeyote niliyemsikia, na nilipokuwa chini sauti yake ilikuwa tamu kwangu kama asali. Nilimpenda sana Fundi yule. Hakuwa na kitu cha kuonyesha mtu, lakini kila tulipopita, kuanzia Masaki hadi Mkuza, watu walitoka nje ya nyumba zao wakimwita.

Macho yake yalipopungua nguvu, akaacha kazi. Nikawa fundi mimi, na kichwa kikavimba. Akaja Bwana Maji mpya, mtu wa haraka, anayetembea huku akitazama saa. Aliniita ofisini Kisarawe.

"Vihingo wanataka kisima kabla ya mvua," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. "Ukimaliza kwa wakati, utakuwa msimamizi. Utapewa baiskeli."

Baiskeli! Nilijiona nayo palepale, kengele inalia, kuku wanapisha njia. Nikasahau mafunzo yote ya Fundi Kibwana. Bwana Maji alinipa vibarua wawili kutoka mjini, nikawachukua bila kuwauliza hata majina. Niliwaita Wewe, wote wawili.

Tulipofika Vihingo, mama mmoja mtu mzima, mjane aliyeishi jirani na pale tulipopimiwa kuchimba, alinijia na bakuli limefunikwa kawa. Jina lake Bi Tausi.

"Karibu chakula, fundi."

"Shikamoo, mama. Ahsante, nina haraka."

"Marahaba. Haraka ya kwenda chini ya ardhi?" Akanitazama juu hadi chini. "Huko sote tutafika, mwanangu. Kula kwanza."

Sikula. Alirudi na bakuli lake, nami nikaanza kupiga sululu.

Tulipofika kina cha pima nne tukakutana na mchanga. Ilikuwa asubuhi, jua limeanza kuingia shimoni. Nilisikia kama mtu anamwaga mchele, kisha ukuta ukaniangukia, nikazikwa hadi kifuani. Nikapiga kelele: "Vuta!" Kamba ikakaza kidogo, halafu ikalegea. Juu nikasikia miguu inakimbia, kisha kimya. Nimewahi kuogopa mara nyingi maishani, lakini kimya kile ndicho kilichonifanya nilie. Mchanga uliendelea kumiminika taratibu. Nikajua kwamba sina mtu.

Ghafla kamba ikakaza.

"Fundi! Upo?" Ilikuwa sauti ya Bi Tausi.

"Nipo, mama!"

"Mimi sina nguvu za kukutoa, lakini sikuachii. Nimeizungusha kwenye mti na nimeikalia. Wewe jichimbue kwa mikono. Ukipanda kidogo, nami nitavuta kidogo."

Ndivyo tulivyofanya. Nilijichimbua, nikainuka kiasi cha upana wa kiganja, naye akavuta kamba na kuizungusha mtini. Mchanga ukaja tena, nikajichimbua tena. Muda wote huo hakunyamaza. Alipiga mayowe kuwaita watu waliokuwa mashambani, kisha akanigeukia na kunipa habari za kuku wake mmoja mmoja, nguruwe waliomaliza muhogo wake, na dada yake wa Mlandizi aliyeazima sufuria akajifanya amesahau. Mpaka leo namjua yule dada kuliko ninavyowajua ndugu zangu wengine, na sijapata kumwona.

Wanaume walipofika na kunitoa, viganja vya Bi Tausi vilikuwa vimechunika, damu imelowesha katani. Nikamuuliza aliwezaje kuongea muda wote ule.

"Ningenyamaza ungejuaje kama nipo?" akajibu, kana kwamba nimeuliza swali la kijinga.

Siku tatu nililala nyumbani kwake na kula chakula chake kwa aibu. Siku ya nne Bwana Maji akaja. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa pole, kisha akatazama saa. Akasema nirudi shimoni, kwani nikishindwa atamwita fundi mwingine na mimi sitakuwa na kazi tena. Nilikwenda hadi ukingoni. Nikarudi nyuma. Nikamwambia ukweli mbele ya watu wote: siwezi. Wanawake wa Vihingo waliokuwa wakitembea asubuhi nzima kufuata maji bondeni walinisikia, wakainamisha vichwa.

Bi Tausi peke yake ndiye aliyenikaribia, mikono imefungwa vitambaa.

"Siku ile nani walikuwa juu yako?" akauliza.

"Siwajui majina."

"Ala! Na ukashuka?"

Akawaita wanaume watatu, akawapanga mbele yangu. Akawaambia waseme. Wa kwanza akasema: "Mimi Seif Mwinyimvua, nakaa kule kwenye mkorosho mkubwa, mama yangu yuko hai." Wa pili akasema Juma Chanzi, na watoto wake ni wale pale. Wa tatu, Mwinyikondo, akasema baba yake amezikwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo yeye hana pa kukimbilia. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikajifunga kamba chini ya makwapa. Bi Tausi akashika ncha ya kamba. Bwana Maji akasema hii si kazi ya mwanamke. Bi Tausi akaizungusha mtini.

Nikashuka, safari hii tukiziba kuta kwa mbao kila hatua. Walipiga soga juu yangu hadi nilipoona matope yanameta chini ya miguu.

Usimamizi niliupata baadaye sana, na baiskeli pia, na iliharibika. Katika kila kisima nilichosimamia niliandika wiki moja ya maandalizi, na mabwana waliofuatana walilalamika kwamba nachelewesha kazi. Nikawaacha walalamike. Leo watu wananiona na nyumba yangu ya udongo na magoti haya wananihurumia. Wasinihurumie. Mimi ni tajiri, na najua utajiri wangu umekaa wapi, nyumba kwa nyumba.

Siku niliyostaafu karani alinipa cheti kinachosema nimechimba visima vingi na sikupoteza mtu. Nikamwomba aongeze majina ya walioshika kamba. "Fomu haina nafasi hiyo, mzee," akasema. Basi nayaandika hapa. Masaki, Athumani Kondo. Mkuza, Ramadhani Pazi na mdogo wake Salumu. Vihingo, Seif Mwinyimvua, Juma Chanzi na Mwinyikondo. Na kabla yao, Tausi binti Mwinshehe, niliyekikataa chakula chake, aliyeshika peke yake.