Kiti Mapajani mwa Bibi

Mvua ilikuwa imekatika, na kerengende walielea juu ya madimbwi ya kituo cha mafuta pale Kibiti kana kwamba wanaota. Kwenye gari jirani na langu, mtoto mchanga alilala ndani ya kiti chake kipya, mikanda imemkaa vizuri kifuani. Kiti chenyewe kilikuwa mapajani mwa bibi yake, siti ya nyuma.

"Mama, kiti kinafungwa kwenye gari," alisema mwanawe aliyeshika usukani.

"Na mimi nimekaa wapi? Kwenye mkokoteni?"

"Nikifunga breki ghafla, mikono yako haitamzuia."

"Mjukuu wangu si kiroba cha mpunga, afungwe!"

Lori likapita kwa kasi, magari yetu yakatikisika. Bibi akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea. Kisha akamkabidhi mwanawe kiti.

Kijana akakigeuza ili mtoto atazame nyuma, akakaza mkanda wa gari, akakitikisa. Hakikucheza.

Sisi huku mtoto tunampenda kwa kumpakata. Lori halina habari hiyo.

Walipoondoka nilimwona bibi kando ya kiti, mapaja matupu, magoti yake yakiendelea kubembeleza.