Siku Niliyolazwa Kibla Nikiwa Hai

Hii naisimulia kwa aibu, tena naisimulia mwenyewe kwa sababu mke wangu akiisimulia yeye huongeza chumvi.

Enzi zile za wanajeshi nilikuwa fundi cherehani Kampala, kijana mnene, shingo nene, na nilikuwa na ugonjwa nisiojua kuwa ni ugonjwa: nikilala chali nakoroma, halafu mkoromo unakatika, kimya, kama pikipiki iliyoishiwa petroli, kisha nashtuka, navuta hewa kwa kishindo na kuendelea (haya niliambiwa na mwenzangu wa chumba kabla hajahama). Mchana nilisinzia popote, hata mguu ukiwa juu ya cherehani. Mimi nilijiona mchovu tu.

Sasa, nilikuwa nimeposa kwa Mzee Sefu, Makindye. Binti yake Zuhura alikuwa muuguzi, nami nilimpenda vibaya sana. Mzee akasema jibu atanipa mwenyewe, nije Ijumaa baada ya sala nile kwake, anitazame vizuri. Nikaenda na kanzu niliyoishona siku tatu, tukala pilau, na mimi (sijui nani alinituma) nikaongeza mara tatu, chumba kina joto, Mzee akatoka kidogo uani, nami nikajiambia, acha ninyooshe mgongo mkekani dakika tano tu. Chali.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mzee alirudi akakuta nakoroma, akakunja uso, mara kimya. Akasubiri. Akamwita dada yake.

"Mwanaisha, njoo umtazame mgeni. Mbona hapumui?"

Bi Mwanaisha alizoea misiba na hakupenda kuchelewa. Akanitazama kifua, akasema inna lillahi, wakanigeuza ubavu wa kulia, uso kibla, wakanifunga taya kwa kitambaa, wakanifunika shuka. Kumbe ule ubavu ndio dawa yenyewe! Koo likafunguka, mkoromo ukaisha, nikapumua taratibu hata shuka halikutikisika, nikalala usingizi ambao sikuwahi kuupata tangu utotoni. Na utulivu huo ndio ulionimaliza, maana sasa hata aliyekuwa na shaka aliamini.

Mzee aliogopa, na simlaumu, siku hizo maiti ya kijana nyumbani mwako ilikuwa jambo la kujibia mbele ya watu wenye bunduki. Na kweli, koplo jirani aliposikia kilio aliingia bila hodi.

"Huyu nakufa saa ngapi?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini. "Na nani napiga yeye?"

"Hakupigwa, afande. Amekula pilau tu."

"Pilau gani hiyo?"

Hapo nikaamka. Nasikia Yasin inasomwa, nikadhani nimesinzia kwenye hitima ya watu, nikaketi na shuka langu kichwani, nikataka kuomba radhi, lakini taya limefungwa, ikatoka sauti ya ng'ombe. Koplo, aliyeogopwa na mtaa mzima, ndiye aliyefika nje wa kwanza (hatukucheka, tulikuja kucheka alipohamishwa). Na mlangoni alipishana na Zuhura, anatoka kazini na sare yake, ananikuta mchumba wake nimefungwa taya. Nilitamani wanizike kweli.

"Mwanangu," Mzee akasema, "siwezi kukuoza kwa mtu anayekufa baada ya chakula."

Zuhura alinifungua kitambaa, akaniuliza kama naamka na maumivu ya kichwa, kama nasinzia mchana. Nikakubali yote, na Mzee akasimulia ule mkoromo na walivyonigeuza ubavu. Zuhura akamweleza baba yake kwamba nikilala chali ulimi na nyama za koo huziba njia ya hewa, mwili unashtuka kuitafuta pumzi, na hivyo usiku kucha, mpaka moyo unachoka.

"Shangazi amemtibu bila kujua," alisema. "Na baba, wengine huficha maradhi yao mpaka ndoa ifungwe. Huyu ya kwake tumeyaona wote, pamoja na jeshi."

Mzee akafunika uso kwa kiganja, mabega yakicheka.

Nilikubaliwa kwa sharti nipunguze mwili (na sukari ilivyoadimika, hilo halikuwa gumu) na nishone kifundo cha kitambaa mgongoni mwa kila kanzu ya kulalia, nisiweze kulala chali. Nilivishona mwenyewe, kwa furaha. Siku hizi daktari amenipa mashine ya kupuliza hewa, nashukuru, ila ugenini nimeapa sijinyooshi tena hata dakika moja. Na nyumbani, nikisinzia bila mashine nikajisahau chali, mke wangu hanisukumi. Ananisogelea sikioni, anaanza Yasin, nami nageuka mwenyewe.