Dashibodi ya Wenyewe Wawili

Nakumbuka siku moja bibi mmoja wa hapa Bigwa alibonyeza honi ya gari nililokuwa nimelitengeneza kwa mikono yangu hii, na badala ya honi kulia, waipa zikaanza kupangusa kioo kikavu. Akanitazama. Nami nikamtazama. 

Nakuhadithia haya, mwanangu, kwa sababu jana nimekuona pale uani, simu sikioni, umesimama mbele ya lile gari la kizamani unalolifufua. Wenye gari ni mume na mke: mume amekutumia ujumbe wa sauti kwamba anataka dashibodi irudi kama ilivyotoka kiwandani. Hujakaa sawa, mke naye anapiga, yeye anataka kioo cha kugusa na taa za buluu. Na wewe unawajibu wote wawili, "Haina shida bosi, haina shida mama." Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaniisha. Hiyo "haina shida" naijua. Nilikuwa nayo mimi nilipokuwa na umri wako, na nywele zangu zote kichwani.

Wakati huo nilikuwa nimefungua kibanda changu cha ufundi umeme wa magari kando ya barabara ya Matombo, mlima ukiwa mgongoni na vumbi likiwa usoni. Baba yangu alitoka Singida kuja kufanya kazi kiwandani Mzinga, mimi nikazaliwa hukuhuku. Kiluguru nilikisikia sokoni tu, na mila za wenyeji sikuwa na habari nazo. Hilo ulishike, maana ndiko nilikopotelea.

Akaja mwalimu mmoja kijana, jina lake Benedikto, na Pijo ya marehemu baba yake, Mzee Gaspari. Hata miaka ile lilikuwa gari la kale. Dashibodi yake ilikuwa ubao wa mninga, umepasuka katikati, vanishi imebanduka, geji ya mafuta imekufa na mshale wa spidi unatetemeka hata gari likiwa limesimama. Mwalimu alikuwa mtu wa sauti ya chini. Akasema, "Fundi, nataka iwe kama baba alivyokuwa nayo. Usiongeze kitu, usipunguze kitu. Hata kile kimsumari alichoning'inizia rozari, kiache palepale." Nikasema sawa.

Nilikuwa bado napiga msasa alipofika Festo. Huyu alikuwa mpwa wa Mzee Gaspari, mtoto wa dada yake, na ndiye aliyekuwa akimwendesha mzee miaka yake ya mwisho. Alizunguka gari, akapiga teke tairi kama madereva wanavyopiga, akasema, "Fundi, mimi ndiye nitakayeliingiza barabarani. Toboa hapo, weka redio kaseti. Halafu lazima uweke geji ya joto. Ukipanda kilima cha Kiroka linachemka, na wewe hujui mpaka uone moshi."

Nikamuuliza kama mwalimu anajua. Akaangalia mlimani.

"Mali ya mjomba ina neno la mpwa, fundi. Waulize Waluguru."

Sikuwauliza. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, lakini kijana mwenye kibanda kipya huona haya kuonekana hajui. Kwetu Singida mali ya baba huenda kwa mwanawe, basi, hakuna mjadala. Hapa mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mpwa ana sauti nzito kwa mjomba wake. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na pa kuisimamishia haki yake, na mimi nikamwona yeyote aliyekuja mwisho ndiye mwenye gari. Nikamwambia Festo sawa. Nikatoboa.

Mwalimu akaja akaona tundu. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alitia kidole ndani ya lile tundu, akakizungusha ukingoni, akaniambia nizibe. Nikaziba kwa kipande cha mninga, kiraka kizuri kabisa. Festo akaja, akasonya, akaniambia nifungue. Nikafungua. Huyu akinituma ning'oe geji, yule ananituma niirudishe. Na kila mmoja akiondoka ananiachia maneno yaleyale: "Huna haja ya kumwambia mwenzangu." Nami, mpumbavu, nikajiona mtu mkubwa, mtu anayeaminiwa na pande zote. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana miguu minne.

Kilichonimaliza ni nyaya. Siku zile vifaa vilikuwa vya kubahatisha, nami nilikuwa nimepata bunda moja tu la waya, lote jeusi. Mwanzoni nilijua upi wa taa na upi wa honi, nikazifunga mafundo ya kuzitambulisha. Lakini kila nilipoung'oa ubao na kuurudisha, mafundo yakafunguka, mengine nikayafunga upya kwa kukisia, mpaka nyuma ya dashibodi ile pakawa kama kiota cha ndege. Nikiamka asubuhi sijui leo ni siku ya redio au siku ya kiraka. Nilichanganyikiwa, mwanangu, na sikuthubutu kumwambia mtu.

Ndipo akaja Bibi Apolonia. Alikuwa dada wa marehemu, mama yake Festo na shangazi yake Benedikto. Alikuja kwa miguu kutoka kwake hapo juu, fimbo mkononi, kikapu cha ndizi begani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Gari la kaka yangu linaumwa nini lisilopona? Jumapili ni misa yake ya mwaka, kule kwetu Matombo. Nimesema nitapanda ndani ya gari lake, si kwenye lori la mtu."

Akafungua mlango mwenyewe, akakaa kwa dereva. Akaniambia kaka yake kila alipofika mlangoni kwake alikuwa akipiga honi mara mbili, naye hapohapo anabandika chai. Akaibonyeza. Ndiyo hapo waipa zilipoanza. Akabonyeza tena, zikaongeza mwendo.

"Nani amekwambia ufanye hivi?"

Nikamweleza yote, tundu na kiraka na geji, mpaka ile "usimwambie mwenzangu". Nilidhani atanitukana. Badala yake machozi yakamlengalenga.

"Hawa watoto wamelala kitanda kimoja kwangu," akasema. "Wamekula sahani moja. Tangu tumzike kaka hawasemezani, na mimi nilikuwa najiuliza wanapumulia wapi. Kumbe wanapumulia kwako! Umekuwa mdomo wao, fundi. Sasa watu wenye mdomo wa kuazima watapatana lini?" Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Nimemzika kaka yangu. Sitaki kuuzika na undugu."

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nilichukua bisibisi.

Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: ubao ule huwa naurudisha peke yangu? Nikamwambia hapana, mninga ni mzito. Mtu mmoja ashike upande wa mlango huu, mwingine upande ule, wauning'inize mbele kidogo ya mahali pake, na mimi nilale chini niunganishe nyaya na kebo ya spidi kwa nyuma, ndipo tukaze nati. Huwa naomba wapita njia wanishikie.

Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Leo hatuombi wapita njia," akasema, na akatuma salamu kwa wote wawili kwamba yuko gereji na miguu imekataa kutembea.

Walikuja mbio, kila mmoja kwa njia yake, wakamkuta amekaa kiti cha nyuma anamenya ndizi.

"Mama, vipi? Nimeambiwa hutembei!"

"Nimekaa, nitatembeaje? Shika ubao, Festo. Upande huo."

"Shangazi, mimi nimeacha darasa..."

"Na wewe Benedikto upande ule. Fundi, lala."

Nikalala, kichwa karibu na pedali, kibalbu cha kupimia umeme mkononi, nyaya nyeusi zikiniangukia usoni. Juu yangu hakuna aliyemsemesha mwenzake. Nilisikia pumzi zao tu. Baada ya kitambo ubao ukainamia upande mmoja, na mwalimu akasema, "Fundi, mwambie anyanyue, ananiachia uzito wote."

Nikafungua mdomo nimwambie Festo, ndiyo mazoea. Fimbo ya bibi ikanigonga mguu. Nikaufunga.

Ubao ukazidi kuinama.

"Nyanyua basi," mwalimu akasema, bila kutaja jina.

"Nimenyanyua. Wewe ndiye umeshusha."

"Nikiupandisha zaidi utanichomoka."

"Basi sogeza mkono hapo kwenye kona. Hapo, hapo."

Maneno yenyewe si kitu, lakini yalikuwa ya kwanza tangu mazishi. Bibi akamaliza ndizi yake, akasema kama anayeongea na kioo, "Benedikto unataka ubao uwe kama ulivyokuwa. Ulivyokuwa lini? Gari hili lilikuja na dashibodi ya bati, ikaliwa na kutu. Huo mlioshika ni ubao wa kitanda cha mama yangu, bibi yenu. Kaka aliukata bila kuomba, na mama akamnunia mpaka mavuno."

Mwalimu akasema hakujua. Festo naye akasema hakujua, miaka yote aliyokaa mbele yake. Nikasikia mmoja anachekea puani, sijui yupi.

Kisha wakaanza kubishana kweli, na ubishi ule ulinifurahisha kwa sababu ulipita juu yangu bila kunigusa. Mwalimu akataka kujua hiyo geji ya joto ni ya nini, mbona baba aliishi bila hiyo. Festo akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Siku nampeleka hospitali, injini ilichemka pale kilimani. Sikuona mpaka moshi ukaingia ndani. Tukasimama juani tukisubiri ipoe. Yeye kalala hapo nyuma ananiambia, usijali Festo, usijali."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nimemuua."

Pale chini niliacha kugusisha nyaya. 

"Nisingesema," mwalimu akajibu. Akarudia, "Nisingesema, kaka." Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, iweke hiyo geji. Iweke pale itakapoonekana."

Nyuma yetu Bibi Apolonia alikuwa analia waziwazi, na hakuficha.

Na mimi? Mimi, mwanangu, nilikuwa nimepotea kabisa. Nagusisha waya huu, inawaka taa ya ndani. Nagusisha ule, hakuna kitu. Kila mara nasema "bado kidogo", nao wanaendelea kushika na kuongea, sasa wameshafika utotoni, nani alianguka mtoni na nani alisingiziwa. Bibi akainama akaninong'oneza, "Usiharakishe, fundi." Baadaye alikuwa akinisifu kwa watu, kwamba yule kijana wa Singida ana hekima, aliwachelewesha makusudi mpaka wakaelewana. Sikumchelewesha mtu. Sikujua honi iko wapi! Nimekula sifa hizo mpaka bibi akaingia kaburini, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Mwisho wake honi ililia. Redio ikakaa kwenye tundu lake, geji ya joto ikakaa kando ya kimsumari cha rozari, na alama za viraka vyangu zikaonekana chini ya vanishi mpya. Jumapili wakapita mbele ya kibanda, Festo kwenye usukani, mwalimu kando yake, bibi nyuma amevaa kanga mpya. Wakanipigia honi mara mbili. Waipa moja ikanyanyuka, ikapunga, ikalala. Hiyo sijaielewa hadi leo.

Wala sijaelewa gari lile liliishia kuwa la nani. Nilimuuliza Festo, akaniambia ni la mwalimu. Nilimuuliza mwalimu, akaniambia ni la Festo.

Sasa sikiliza, maana chai inapoa na wewe una wateja. Kabla hujashika bisibisi, uliza kitu ni cha nani, na usipoelewa uliza tena, wenyeji hawaumi. Ukiona wawili wanakutuma kinyume juu ya kitu kimoja, ujue kuna neno limewakwama kooni, na hicho kitu ni kisingizio. Usiwabebee neno lao. Utachoka wewe, na wao hawatapona. Yule mume na mkewe waite leo, wasimame pande mbili za dashibodi, waishike kwa mikono yao, na wewe ulale chini unyamaze. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na nyaya nunua za rangi mbalimbali, siku hizi zipo kila duka, usinipe aibu.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, aupe ulimi wako ujasiri wa kuuliza na adabu ya kunyamaza. Na siku ubao wako mwenyewe utakapokuelemea, akujalie ndugu wa kukushikia upande wa pili.