Shoka la Mkesha wa Krismasi

Radoy alitunza miti ya plamu ya chuo kikuu cha kilimo huko Bulgaria, kwenye utafiti wa pamoja na Wapolandi na Wahispania. Mti mmoja ulikuwa mkaidi, haukuzaa hata tunda. Kila mkesha wa Krismasi Radoy aliuendea na shoka, kama walivyofanya wazee wa kwao, kuutia hofu ili uzae.

"Huu naukata."

Mkewe Gergina, ambaye naye hakujaaliwa mtoto, alisimama mbele ya mti. "Acha ubabe, mume wangu. Naudhamini mimi, mwakani utazaa."

Kisha walirudi nyumbani wakicheka, wakanywa rakia, pombe kali ya plamu.

Vuli hii Gergina alizikwa. Desemba, watafiti wa nchi zote tatu wakaamua miti isiyozaa ikatwe. Dokta Ralitsa, binti wa mjini, ndiye aliyekuja kumwambia Radoy. Mzee hakubisha. Alikwenda kwenye mti uleule, akainua shoka.

"Huu naukata," alisema, akangoja.

Alingoja, shoka likiwa juu, akitazama pale Gergina alipozoea kusimama.

"Kata tu, mzee wangu," Dokta alimwambia kwa upole. "Wote wameshakubali."