Mshauri wangu wa online alinikataza jibu la "niko tu"

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni mwalimu wa primary huku Kishushe. Hii ni yangu mwenyewe, si ya rafiki wa rafiki, na sijaitia chumvi.

Mwaka jana depression ilinishika. Nafundisha, narudi nyumba ya shule, nalala na viatu. Ugali unakauka kwa sufuria. Nikafika mahali pa kuona watu wangekuwa sawa bila mimi.

Kufika Voi kila wiki kuona mshauri haikuwezekana, magari ya huku mnayajua. Dada yangu Mghoi, mwenye duka hapa centre, akanitafutia wa online, Madam Wakesho. Jumamosi saa nne asubuhi.

Network ya maana iko juu ya mwamba nyuma ya tangi la shule. Kwa hivyo fikirieni mwanaume mzima amekaa mwambani na earphones, mbuzi wa watu wanamwangalia.

Camera nilizima, nikamwomba naye azime yake. Akiuliza, "Uko aje, Mwalimu?" najibu vile sisi wote hujibu: "Niko tu."

Session ya tatu akaniuliza polepole, "Hiyo 'tu' imebeba nini?"

Nilikasirika, wakuu. Mimi ndiye hufundisha Kiswahili Grade Six, na huyu mama ananisahihisha! Lakini yeye alingoja. Hakunisaidia kujibu, hakunikimbiza. Mwishowe nikasema, "Madam, sioni haja ya kuendelea kuishi."

Hapo hapo simu ikakatika.

Nikajua nimemtisha, ameniacha. Nikazima simu, nikashuka, nikajifungia nyumbani. Aibu niliyosikia siwezi kuieleza.

Haikupita nusu saa, pikipiki ikasimama mlangoni. Ni Mghoi, vumbi mpaka kwa nyusi. Nilikuwa nimesahau kwamba siku ya kwanza Madam aliniomba namba ya mtu wa karibu, nikampa ya Mghoi.

Mghoi alinipa simu yake nisome message:

"Mwambie Mwalimu nimesikia mpaka neno la mwisho. Ni network imekata, si mimi. Usimwache peke yake. Nangoja."

Tukapanda mwamba sisi wawili. Madam alishika simu kabla haijalia mara ya pili. Siku hiyo tuliwasha camera, akaniona nikilia, na mimi nikamwona kwa mara ya kwanza: mama wa miwani, kikombe cha chai mbele yake kimejaa, hajakigusa.

Wiki hiyo hiyo alinielekeza hospitali, nikaanzishiwa dawa. Sessions tukaendelea. Bado sijakutana naye ana kwa ana, na hakuna mtu ninamheshimu kumshinda.

Jumamosi iliyopita akauliza kama kawaida, "Uko aje?"

Nikajibu, "Niko."

Akavua miwani, akaipangusa.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuwa mbali na bado akakusikia, bora umwambie ukweli.

Sasa nawauliza nyinyi, mko aje? Andikeni hapo chini, nitapanda mwamba niwasome wote. Ila "niko tu" sikubali.